Upole si Kipaumbele

Mfumo wa Unix, uliobuniwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1969, una amri iitwayo nice, jina la Kiingereza lenye maana ya mwema. Huzifaa hasa kazi za nyuma ambazo cron huzianzisha kwa saa maalumu, kama vile kunakili mafaili usiku.

Kulifasiri jina hilo kwa neno "kipaumbele" ni kupindua maana. Kipaumbele ni cha anayetangulia, ilhali nice hupima kadiri programu inavyozipisha nyingine. Katika Linux kipimo huanzia -20 hadi 19. Yenye 19, iliyo pole kupita zote, hupata sehemu ndogo kabisa ya muda wa prosesa zinapougombea. Mwanafunzi asomaye "kipaumbele 19" atadhani kazi yake imepandishwa cheo, kumbe imesogezwa nyuma. Nomino itokanayo na kupisha ingefaa zaidi, ila "upishi" umekwisha kutwaliwa na jikoni. Basi "upole" na utumike. Nao si unyonge: nyingine zisipokuwapo, programu hiyo hiyo huitwaa prosesa nzima. Wala si hiari tupu, kwani kwa kawaida msimamizi wa mashine ndiye pekee awezaye kuupunguza.