Barua kwa Mchungaji, Orodha ya Mgao

Kitabu cha Philip Gourevitch kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, We Wish to Inform You That Tomorrow We Will Be Killed with Our Families, kilitoka 1998. Jina lake limetokana na barua. Aprili 1994, wachungaji saba wa Kiadventista, Watutsi waliokimbilia misheni ya Mugonero, walimwandikia mkubwa wao wa kanisa, Elizaphan Ntakirutimana, awaombee kwa meya. Tarehe 16 misheni ikashambuliwa. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha ilimhukumu mchungaji huyo miaka 10. Mwanawe Gérard, daktari wa hospitali ya pale pale, alipewa 25.

Hapo ndipo naiona nguvu ya kitabu. Tumezoea kusimuliwa habari za mapanga. Lakini watu walikusanyika Mugonero kwa sababu kulikuwa na kanisa, hospitali, mchungaji na daktari. Imani yao kwa vyeo hivyo ndiyo iliyowaweka mahali pamoja.

Kisha mwandishi anafika kambi za Goma, na hapo hayaonei haya mashirika. Viongozi wa mauaji ndio waliosimamia mgao. Waliongeza majina hewa kwenye orodha, na msaada ukawapa nguvu upya. Mwishoni mwa 1994 MSF ya Ufaransa iliamua kuondoka. Mashirika mengi yalibaki, eti kazi yao ni kugawa tu.

Nakubaliana naye juu ya mashirika, ila juu ya kambi yenyewe hapana. Anaitazama kwa mbali mno, kama vile wote ndani yake ni kitu kimoja. Sisi tunaopanga foleni na kadi mkononi tunajua: wanaoshika orodha ni wachache, wanaokula kwa orodha hiyo ni maelfu. Kambi zilipovunjwa kwa vita mwaka 1996, wakimbizi wengi Wahutu waliuawa ndani ya Kongo, watoto na wagonjwa wakiwemo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 imeyaeleza hayo. Kitabu kinapita hapo haraka kuliko kilivyopita Mugonero.

Hata hivyo kisomwe. Ndugu zetu wa mashirika wasome kurasa za Goma, halafu waulize: hapa kwetu nani anaandika orodha, na nani anaogopa kumlalamikia? Na sisi tuliokuwa walimu, wauguzi na wachungaji huko nyumbani, tusome ile barua kama vile imeandikwa kwetu.