Mbawakawa Anayefuata Harufu ya Dumuzi

Mkulima wa Mbololo, Kenya, akifungua ghala na kukuta mahindi yamekuwa unga, hahitaji kuambiwa ni nani aliyepita. Ni dumuzi, mdudu ambaye wengi nchini Kenya humwita Osama na majirani wa Tanzania humwita Scania. Kenya alionekana kwanza Taveta mwaka 1983. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na huko ndiko watafiti walikokwenda kumtafutia adui.

Kama kigezo kingekuwa umahiri wa kuwinda tu, wangeweza kuchagua nzi wa jamii ya Asilidae, wenye spishi zaidi ya 7,000 duniani. Hutua kijitini, juani, wakavizia. Mwaka 2017 watafiti wa Cambridge walichapisha uchunguzi wa mmoja wao kutoka Marekani, Holcocephala fusca, mwenye urefu wa milimita 6 hivi. Nzi huyu hamfukuzi mdudu kwa nyuma. Hupaa kuelekea mahali watakapokutana, na njia nzima huhakikisha windo halihami pembe machoni pake. Zikibaki sentimita 30 hivi hupunguza kasi, akajilinganisha na mwendo wa windo, ndipo hulidaka. Mdomo wake huchoma na kuingiza mate yenye sumu na vimeng'enya. Nyama huyeyuka, naye akaifyonza.

Ila jamii hii haichagui sana: nyuki naye huliwa. Tena macho makali hayana kazi ndani ya gunzi.

Adui waliyempata, Teretrius nigrescens, ni mbawakawa wa milimita 2 hivi, na hana mbwembwe zozote. Dumuzi dume akipata chakula hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Mbawakawa huyu huisikia, akaifuata hadi ndani ya vitundu vilivyotobolewa, akala mayai na funza. Mwaliko wa karamu humleta mlaji wa waalikwa! Ufinyu huo wa shabaha ndio uliompa kazi: aliachiliwa Togo mwaka 1991, na Kenya mwaka 1992.

Hakuimaliza. Dumuzi huzaana upesi kuliko yeye, na huishi pia katika miti mikavu ya nyika, kama ile ya Tsavo, mbali na ghala lolote. Huko mbawakawa anaweza kupunguza idadi yao, lakini mahindi yaliyokwisha kuvamiwa hayawezi kumsubiri. Afadhali kuyakausha vizuri na kuyapukuchua mapema, maana dumuzi hutoboa kwa urahisi zaidi punje zikiwa bado zimeshikana kwenye gunzi, kisha kuyafunga katika mifuko isiyopitisha hewa.