Kalorimita Ndogo: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Baadhi ya radi za ukanda wa joto hurusha miali ya gama hadi nje ya angahewa. Satelaiti ya Italia iitwayo AGILE, iliyorushwa kutoka Sriharikota, India, tarehe 23 Aprili 2007, ilikuwa ikiinasa. Iliizunguka dunia kwa dakika 95 hivi, ikifuata ikweta, na data zake ikaziteremsha Malindi, Kenya. Chombo kilichoinasa miali hiyo kilikuwa kalorimita ndogo ya fuwele 30, na ni mfano mzuri kwa anayetaka kujifunza kuhukumu kazi ya aina hii.

Kalorimita huisimamisha chembe na kupima nishati inayoachwa humo. Chembe yenye nguvu ikigonga mata nzito huzaa nyingine, nazo huzaa nyingine, mpaka manyunyu yote yafifie. Fundi wa kifaa kidogo anapigania jambo moja: manyunyu hayo yasivuje, si nyuma wala pembeni.

Kwa hiyo kwanza ulizia kina, na usikubali kujibiwa kwa sentimita peke yake. Wajuzi huhesabu urefu wa mnururisho, yaani umbali ambao elektroni yenye kasi hupoteza karibu theluthi mbili za nishati yake. Katika sesiamu iodidi ni sentimita 1.86, katika wolframu ni 0.35 tu. Fuwele za jaribio la CMS huko CERN, zenye urefu wa sentimita 23, zinabeba karibu urefu 26 wa namna hiyo. Kalorimita ya AGILE ilikuwa na 1.5.

Je, ni duni? Kwa mwali wa gama wenye nishati kubwa mno, ndiyo: sehemu kubwa ingepenya na kwenda zake. Lakini miali ya radi ni dhaifu zaidi, na satelaiti nzima ilikuwa na uzito wa kilo 350 hivi. Mnunuzi wa ng'ombe mnadani huuliza kwanza kama anatafuta wa maziwa au wa jembe.

Upana nao una hila zake. Wolframu huyabana manyunyu ndani ya nusukipenyo cha chini ya sentimita moja, ndiyo maana kalorimita ya FoCal, inayoandaliwa kwa jaribio la ALICE, inapanga wolframu na silikoni tabaka kwa tabaka. Hapo mkaguzi apime mianya. Nafasi ya nyaya na vipozeo ikizidi, manyunyu hutanuka, na sifa ya wolframu inabaki kwenye karatasi.

Kisha usomaji. AGILE ilipanga fuwele zake katika matabaka mawili yaliyokingamana, 15 kila moja, zikiwa na diodi kila ncha. Tofauti ya mwanga kati ya ncha mbili ilionyesha mahali chembe ilipogonga. Ni ufundi safi.

Kasoro iliyojificha ilikuwa ya muda. Ngao ya kukataa chembe zisizotakiwa ilikuwa ikiziba masikio ya kifaa kwa nukta ndogo sana, na miale mifupi ya radi ikapotea humo. Machi 2015 wataalamu waliizima ngao hiyo kwa upande wa kalorimita, na idadi ya miale iliyonaswa ikapanda karibu mara kumi, bila kuongezwa hata fuwele moja. Anayeoneshwa kalorimita mpya aombe takwimu za muda huo wa uziwi kabla hajauliza uzito.