Jina Jipya la Somo la Nyumbani

Liko somo katika shule za sekondari za Marekani ambalo zamani liliitwa Uchumi wa Nyumbani. Mwaka 1994 chama kikuu cha wataalamu wake kilijibadili jina, na somo nalo likaitwa Sayansi za Jamaa na Mlaji. Msomaji asidhani ya kuwa ni somo la kula: mlaji hapa ni kila anunuaye kitu na kukitumia. Sababu ya kubadili yajulikana. Jina la kale lilikwisha kudharauliwa. Watu wakilisikia waliwaza keki na cherehani, basi. Lakini jina la somo hutuonyesha mwalimu ataka mwanafunzi wake awe mtu gani, kwa hiyo lafaa kupimwa.

Tuanze kwa Bibi Ellen Richards, rais wa kwanza wa chama hicho kilipoundwa mwishoni mwa 1908. Alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kupokewa katika chuo cha Massachusetts Institute of Technology, akahitimu huko mwaka 1873. Alipima maji ya kunywa ya jimbo la Massachusetts, akaandika kitabu juu ya vyakula na jinsi vinavyoghoshiwa. Kwake yeye, mwanamke mwenye nyumba hakuwa mtu wa kuchagua tu kati ya bidhaa mbili dukani. Ilimpasa ajue kuuchunguza unga na maziwa, na kuuliza uchafu wa kisima umetoka wapi. Huyo naye ni mlaji, lakini mlaji mwenye macho.

Hata hivyo Bibi huyu naye ana lawama yake. Mwaka 1890 yeye na wenzake walifungua jiko mjini Boston, wawauzie maskini chakula kilichopikwa kwa vipimo vya sayansi, chenye kujenga mwili, kwa bei ndogo. Wengi wa maskini hao walikuwa wahamiaji kutoka nchi nyingine, nao hawakukipenda. Hesabu ya supu ilikuwa sahihi, lakini ladha haikuwa ya kwao. Wapishi walikuwa wamepima kila kitu ila ulimi wa mlaji. Naona kosa hili ndilo lililolifuata somo hili mahali pengi: mwalimu huja na nyumba aliyoichora mwenyewe, asiulize kwao mwanafunzi pana moto wa namna gani na chungu cha namna gani.

Kisha mwaka 1917 serikali ya Marekani ikatunga sheria ya Smith-Hughes, ikatoa fedha za kufundisha kilimo, ufundi na kazi za nyumbani. Walimu wakapatikana, nalo ni jambo jema. Lakini wasichana wakaelekezwa jikoni na wavulana karakanani, na ile kemia ya Bibi Richards ikafifia.

Sasa tazama Ujapani. Huko nako somo la nyumbani lilikuwa lazima kwa wasichana wa sekondari ya juu, na wavulana waliachwa. Mwaka 1994, mwaka ule ule wa jina jipya la Marekani, Wajapani waliliacha jina lao kama lilivyo, wakawaingiza wavulana. Kijana wa kiume akavaa aproni, akajifunza kupika, kushona, na habari za malezi ya watoto. Tena, tangu Aprili 2022, mtu wa miaka 18 huko aweza kutia sahihi mkataba wa mkopo pasipo idhini ya wazazi. Basi darasa hilo hilo lawafundisha wote mambo ya fedha na deni. Sikatai, kununua nako kuna elimu yake. Nakataa kukutundika mlangoni kana kwamba ndiko kazi yote ya nyumba.

Huku Tanzania somo hili limejulikana kwa jina la Sayansi Kimu, na sidhani kama wengi wamelisifu vya kutosha. Kumkimu mtu ni kumpatia mahitaji yake. Jina hilo lamtaja atoaye, si apokeaye. Wala halisemi kama atoaye ni mume au mke.

Marekani leo wavulana hawafungiwi mlango, ila katika shule nyingi somo ni la hiari. Mvulana akitaka, huingia. Asipotaka, hakuna amwulizaye atapikiwa na nani.