Gogo, Kamba, Mgono na Mkondo: Jinsi Uvuvi wa Wagenya Ulivyopigwa Picha

Wagenya, jamii ya wavuvi ambayo jina lake huandikwa pia Wagenia, wamepigwa picha kwa zaidi ya karne moja katika maporomoko ya mto Kongo karibu na Kisangani, na sura yao imesambaa kupitia postikadi, vitabu vya safari na matangazo ya utalii. Hata hivyo, sehemu kubwa ya picha hizo humwonyesha mtazamaji maajabu ya miti iliyosimama juu ya maji yanayonguruma, bila kumwezesha kuelewa samaki ananaswaje. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba picha ya uvuvi hupimwa kwanza kwa uwezo wake wa kueleza kazi, na kwamba uamuzi wote wa kiufundi, kuanzia kasi ya shata hadi mahali anaposimama mpiga picha, unapaswa kufuata kipimo hicho.

Maporomoko ya Boyoma, yaliyoitwa Stanley Falls wakati wa ukoloni, ni mfululizo wa maporomoko 7 yaliyotandaa katika umbali wa takriban kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na Wagenya huvua kwenye poromoko la mwisho, jirani kabisa na mji. Magogo makubwa husimikwa katika mashimo ya miamba na kufungwa kwa kamba za mimea itambaayo hadi yawe viunzi imara, na kwenye viunzi hivyo huning'inizwa migono, yaani mitego ya kusukwa iliyo mipana mdomoni na iliyochongoka mkiani. Mdomo wa mgono huelekezwa kule maji yatokako, ili samaki anayechukuliwa na mkondo aingie, kisha nguvu ileile ya maji imzuie kutoka. Wavuvi hurudi kuikagua migono kwa kupanda magogo yaliyolowa na kuvuta kamba, huku wenzao wakiisogeza mitumbwi karibu. Kwa hiyo picha inayoeleza kazi hii huhitaji vitu vinne katika fremu moja: gogo linalobeba uzito, kamba, mdomo wa mgono na upande unakotoka mkondo. Kikikosekana kimoja, kinachobaki ni sarakasi.

Wapiga picha wa mwanzo hawakuwa na uhuru mkubwa wa kutimiza masharti hayo. Herbert Lang, aliyeongoza msafara wa American Museum of Natural History ya New York uliofanya kazi kaskazini-mashariki mwa Kongo kuanzia 1909 hadi 1915, alisafisha negativu zake hukohuko msituni, katika joto na unyevu unaolainisha utando wa jelatini unaobeba picha. Kamera za kizazi hicho zilikuwa nzito, kwa kawaida zilisimamishwa juu ya miguu mitatu, na wepesi mdogo wa filamu na sahani za kioo, yaani kiwango chake cha kuitikia mwanga, uliwafanya wengi wawaombe watu wasimame tuli. Mbinu hiyo iliacha alama mbili ambazo msomaji wa picha za kale anaweza kuzitambua mara moja: miamba na magogo huonekana kwa ukali wa kupendeza, lakini watu wameacha kazi na wanaitazama kamera. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefanya kazi Léopoldville, nchini Kongo, kuanzia miaka ya 1920 hadi kifo chake mwaka 1944, aliuza postikadi za mfululizo ulioitwa *L'Afrique qui disparaît*, akikusudia kuhifadhi mila alizoamini kuwa zinatoweka. Kusudio la namna hiyo huathiri hata uteuzi wa fremu, kwa sababu anayetafuta mabaki ya zamani huutazama mwili na vazi kuliko chombo cha kazi.

Kamera nyepesi ziliuondoa ulazima wa kusimama tuli, lakini zilileta swali la kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hubaki wazi ili mwanga uingie. Kwa 1/1000 ya sekunde kila tone husimama hewani, maji hufanana na vipande vya kioo, na mtazamaji hupoteza hisia ya nguvu inayomzuia samaki kutoka mgononi. Kwa nusu sekunde mto hugeuka ukungu, na mvuvi mwenyewe huyeyuka pamoja nao. Kati ya 1/60 na 1/30 mkondo huacha michirizi inayoonyesha mwelekeo wake, huku mikono ya mtu aliyekaza kamba ikibaki dhahiri, mradi shata ifunguliwe pale anapotua kati ya mvuto mmoja na mwingine. Kasi hiyo haifai ndani ya mtumbwi unaoyumba. Hufaa kwa aliyesimama mwambani.

Tatizo la pili ni mwanga, kwa kuwa povu jeupe na ngozi nyeusi hukaa bega kwa bega. Kipimamwanga cha kamera hukichukulia kila kinachokiona kama rangi ya kijivu cha wastani, hivyo kikielekezwa kwenye povu huamuru mwanga upunguzwe, na uso wa mvuvi huwa doa lisilo na macho wala kinywa. Dawa yake ni kupima kwenye ngozi au kwenye mwamba uliolowa ulio katika mwanga uleule, na kukubali kwamba baadhi ya sehemu za povu zitabaki nyeupe tupu. Kichujio cha kupunguza mng'ao, ambacho wengi hukifunga bila kufikiri wakiwa karibu na maji, kinaweza pia kuondoa mng'ao wa ngozi iliyolowa, na mng'ao huo ndio unaoonyesha msuli uliokaza.

Karibu na ikweta, jua hupanda kwa kasi: kufikia saa 3 asubuhi limeshafika takriban nyuzi 40 juu ya upeo, na adhuhuri vivuli huangukia machoni. Hata hivyo, anayesubiri mwanga laini wa alfajiri anaweza kupata mandhari nzuri isiyo na kazi, kwa maana ratiba ni ya migono na si ya jua. Adhuhuri, povu lenyewe hurudisha mwanga juu na kupunguza vivuli vya uso, jambo linalomnufaisha aliyesogea karibu. Lenzi pana ya milimita 28 au 35, ikitumiwa na aliyepewa ruhusa ya kufika kwenye viunzi, huviunganisha vile vitu vinne; lenzi ya milimita 200 kutoka ukingoni hukata gogo na kumwacha mtu ananing'inia pasipo sababu.

Kwa mpiga picha wa Sange, katika bonde la Uvira, kipimo cha kueleza kazi kinatumika pia kwenye mto Ruzizi, ingawa masharti yake ni tofauti. Huko maji ni ya kahawia yenye udongo, hayana povu la kudanganya kipimamwanga, na uvuvi hutegemea zaidi mtumbwi na wavu, hivyo kinachopaswa kuonekana ni mkono unaoutupa wavu na mwelekeo wa maji unaoupeleka. Viboko na mamba humlazimu mpiga picha kufuata maelekezo ya wavuvi kuhusu mahali pa kusimama, na kwa kuwa mto huo ni mpaka wa nchi, kibali cha mamlaka hutangulia kamera. Ridhaa ya mvuvi haipatikani kwa kibali hicho. Huombwa kwake mwenyewe, na maelezo yanayoambatana na picha hutaja chombo, mahali, mwaka na kazi iliyokuwa ikifanyika. Kabla ya kuichapisha, picha ionyeshwe kwa mvuvi mmoja ambaye hakuwepo siku hiyo: akiweza kueleza wavu ulitupwaje na samaki alinaswaje, picha hiyo imefaulu.