Kanisa la Bramante katika Kompyuta

Siku hizi wataalamu huchora kwa kompyuta majengo ambayo mafundi wa zamani waliyawaza tu, yasijengwe. Mojawapo latuhusu sisi sote: kanisa la Mtakatifu Petro la Roma, namna Bramante alivyolitaka. Kazi hiyo yapendeza. Lakini tuipime kwanza.

Papa Yulio II aliweka jiwe la msingi tarehe 18 Aprili 1506. Bramante akafa mwaka 1514, kazi ikiwa mwanzoni, na waliomfuata wakageuza mpango wake. Basi ametuachia nini? Ngozi moja yenye ramani, inayotunzwa Firenze, nayo yaonyesha nusu tu ya kanisa. Tena kuna medali ya mwaka 1506 yenye sura ya nje, na michoro ya kuba aliyoichapa Serlio mwaka 1540. Zaidi ya hayo ni karatasi chache.

Nusu ya pili ilikuwa namna gani? Wengine wasema ililingana na ya kwanza, kanisa likawa na mikono minne sawasawa. Wengine wasema upande mmoja ulirefushwa. Ngozi yanyamaza, picha ya kompyuta hainyamazi. Yajaza ukuta, yatia marmari na mwanga wa jua, na mtazamaji asadiki kwamba ameliona kanisa la Bramante. Hapo ndipo tunapolaumu. Mwenye kunakili kitabu kilichoraruka, akiziba pengo kwa maneno yake pasipo alama, awadanganya wasomaji, hata kama maneno yake ni mazuri.

Je, tuikatae kazi hii? Hapana. Antonio da Sangallo, mmoja wa waliomfuata Bramante, aliagiza mfano mkubwa wa mbao, uliofanyizwa tangu 1539 hata 1546, ungali Vatikano. Michelangelo aliutazama akaulaumu kwa sababu ya giza lake. Mfano ulimsaidia kuliona kosa kabla ya kulijenga. Vivyo hivyo kompyuta yaweza kupima mwanga, na kutuonyesha kama nguzo za Bramante, ambazo wengine walizinenepesha baadaye, zingaliweza kuchukua kuba.

Kanuni za London za mwaka 2009 zadai ijulikane wazi lipi ni ushahidi na lipi ni kisio. Twaona ni haki. Yaliyomo katika ngozi yapewe rangi moja, yaliyokisiwa rangi nyingine. Picha haitapendeza sana, lakini tutajua tunachokitazama.