Boti za Topido za Ufaransa: Ushindi wa Mtoni Kupelekwa Baharini

Anayezisifu boti za topido za mvuke za Ufaransa huanzia Fuzhou, na kwa maoni yangu kosa nalo huanzia hapo. Tarehe 23 Agosti 1884, katika Mto Min nchini China, boti mbili ndogo, namba 45 na 46, zilizivamia manowari za Wachina. Topido za boti hizo hazikurushwa: kila boti ilibeba baruti kwenye ncha ya boriti ndefu iliyotokeza mbele ya omo, ikabidi imguse adui. Namba 46 iliitoboa Yangwu, meli kuu ya kikosi cha China. Habari ilipofika Paris, watu wakaanza kuota.

Tuitazame hali yenyewe. Meli za China zilikuwa zimetia nanga. Maji yalikuwa ya mtoni, hayana mawimbi. Admirali Courbet alikuwa amekaa karibu nazo kwa wiki kadhaa, akangoja maji yaanze kupwa ndipo apige. Hata hivyo boila ya namba 46 ilipigwa kombora. Chombo kilichoponea chupuchupu hapo kingetawalaje bahari kuu?

Swali hilo halikuwasumbua Admirali Théophile Aube na mwandishi wa magazeti Gabriel Charmes. Waliamini boti nyingi za bei nafuu zingezishinda manowari za Waingereza. Aube aliandika hata juu ya boti kuifuata meli ya abiria mchana, kisha usiku kuizamisha pamoja na wote waliomo. (Charmes namsamehe, hakuwa baharia. Aube alikuwa ameabiri maisha yake yote.) Alipopata uwaziri mwaka 1886, alisimamisha ujenzi wa manowari kubwa, akaegemea boti.

Boti za mita 35 zilizofuata zilikuwa nyembamba, za mwendo kasi, na zilipepesuka vibaya. Katika safari ndefu za majaribio mabaharia walirudi hoi, hawakulala wala kula sawasawa. Mwaka 1889 namba 110 ilizama na watu wake.

Wanaomtetea Aube husema Waingereza waliogopa hadi wakaunda Havock, iliyoshushwa majini mwaka 1893, ili kuziwinda boti za aina hii. Ni kweli. Lakini namba 110 haikuzamishwa na Mwingereza. Ilizamishwa na bahari ya kwao, wakati wa amani.